Siyo Kila Mgongo ni Diski

Ukitaka kuwa daktari hapa kampasi huna haja ya kusomea udaktari miaka mitano. Jifunze neno moja tu: diski. Mtu akilalamika kiuno, diski. Mguu ukifa ganzi, diski. Akiamka asubuhi anatembea kama amebeba gunia la mahindi, bwenini wataambizana kabla hajafika bafuni: "Huyo tayari, diski imemtembelea." Na sababu tunazo tele. Tunabebana wawili kwenye kitanda cha mtu mmoja, tunakaa saa nne mfululizo kwenye viti visivyo na egemeo, na maji yakikatika tunapandisha ndoo hadi ghorofa ya tatu. Nani asingeumwa mgongo?

Sina ugomvi na diski yenyewe. Ipo, inauma, na wapo wenzetu wanaoteseka nayo kweli. Ugomvi wangu ni namna neno hili linavyofunga maswali. Likishatamkwa, anayeumwa anaacha kueleza, anayetibu anaacha kuuliza, na sisi marafiki tunaacha kuangalia. Hoja yangu katika makala hii ni fupi: mwanafunzi yeyote anayefika zahanati ya chuo akiwa na maumivu ya mgongo pamoja na ganzi au udhaifu wa miguu, asitoke mlangoni kabla hajaulizwa maswali machache na kugongwa magoti kwa ile nyundo ndogo ya mpira. Basi. Siombi mashine mpya, wala jengo la kuzinduliwa na mgeni rasmi. Naomba nyundo na dakika tano, kwa sababu kuna ugonjwa unaojifanya diski, na huo haungoji wiki ijayo.

Ilivyokuwa chumbani kwetu

Mwaka jana mwenzangu wa chumba alianza kuumwa kiuno siku ya Jumapili. Wiki mbili nyuma alikuwa ameharisha siku tatu hivi, akapona, maisha yakaendelea. Ameniruhusu niandike haya. Jina tu ndilo kaniomba nisilitaje, na hospitali nazo sitazitaja.

Maumivu yalishuka kutoka kiunoni, yakapita mapajani hadi kwenye mashavu ya miguu. Usiku ndiyo yalizidi. Nyayo zote mbili zilikuwa zinamchonyota kama mtu aliyekanyaga upupu. Jumatatu akaenda kutibiwa. Aliulizwa analalia godoro la aina gani, akachomwa sindano ya maumivu, akaambiwa ni diski. Jumatano maumivu yalipokataa kutulia akaenda hospitali ya mjini, akapigwa picha ya MRI ambayo ilimeza sehemu kubwa ya bumu lake. Majibu yakasema diski kati ya pingili ya nne na ya tano ya kiuno imetokeza kidogo. Kila mtu akashusha pumzi. Karatasi imesema! Akapewa mkanda wa kiuno na vidonge, akaambiwa apumzike.

Ijumaa akashindwa kupanda ngazi. Alizipanda kwa makalio, moja moja, huku wengine wakimpita na ndoo zao. Jumamosi kandambili zilimvuka miguuni bila yeye kuhisi, na jioni kikombe cha chai kikamponyoka mkononi. Wakati huohuo maneno yalishaanza kwenye korido. Wapo waliosema anaigiza ili akwepe UE iliyokuwa imebaki wiki moja. Wapo waliosema amechezewa, apelekwe akaombewe.

Jumapili tulimbeba hadi hospitali nyingine. Tulipokewa na daktari wa mafunzo, kijana ambaye kwa umri angeweza kuwa kaka yetu tu. Yeye hakuanza na picha. Aliiweka pembeni akauliza: "Ilianza mguu mmoja au yote miwili? Kabla ya hapo uliumwa nini?" Halafu akatoa nyundo. Akagonga chini ya goti la kulia, kimya. La kushoto, kimya. Vifundo vya miguu, viwiko, kimya. Kisha akamwambia avute pumzi moja ndefu ahesabu kwa sauti hadi iishe. Mtu mwenye afya anafika ishirini na kuendelea. Mwenzangu aliishia tisa. Usiku ule akahamishiwa chumba cha wagonjwa mahututi, na kesho yake mashine ikaanza kumsaidia kupumua.

Walipompima maji ya uti wa mgongo walikuta protini imepanda sana lakini chembe nyeupe za damu ni za kawaida. Kwa dalili zile na majibu yale, ugonjwa ulipata jina: Guillain-Barré. Leo amerudi chuoni akiwa ameahirisha mwaka mzima. Wazazi wake waliuza kiwanja.

Waya uliobanduliwa ganda

Mimi nasoma ualimu, siyo udaktari. Lakini ualimu wenyewe ni kazi ya kueleza kitu kigumu mpaka kieleweke, basi niruhusuni nijaribu.

Neva zetu ni kama nyaya za umeme. Ndani kuna uzi unaobeba taarifa, na nje kuna ganda la mafuta na protini liitwalo mayelini. Ganda hilo halifuniki uzi wote. Limekatwakatwa, likaachwa na mianya midogo, na taarifa inaruka kutoka mwanya hadi mwanya. Ndiyo maana amri ya ubongo inafika kidoleni kwa mwendo wa mita hamsini au zaidi kwa sekunde. Bandua ganda, na taarifa inajikokota au inafia njiani. Misuli ni mizima, ubongo ni mzima, ila simu haipatikani.

Katika ugonjwa wa Guillain-Barré anayebandua ganda ni askari wa mwili mwenyewe. Kwa takriban theluthi mbili ya wagonjwa, wiki chache kabla kulikuwa na maambukizi fulani: kuhara, mafua, kikohozi. Anayejulikana zaidi ni bakteria aitwaye Campylobacter, ambaye huingia kwa chakula kisichoiva vizuri, hasa kuku, au kwa maji machafu. Kinga ya mwili inatengeneza silaha dhidi ya mgeni, kisha silaha hizohizo zinageukia neva kwa kuwa kuna kitu kwenye neva kinachofanana na mgeni yule. Zipo aina ambazo kinachoshambuliwa ni uzi wenyewe, na zipo ambazo ni lile ganda. Kwa mgonjwa matokeo ni yaleyale: miguu inalegea, na ulegevu unapanda.

Sasa kwa nini unafanana na diski? Kwa sababu mara nyingi uvimbe huanzia kwenye mizizi ya neva, palepale neva zinapochomoza kutoka uti wa mgongo. Diski nayo inabana palepale. Anayekanyagwa ni yuleyule, kwa hiyo kelele ni ileile. Na kwa takriban mgonjwa mmoja kati ya watatu maumivu yanatangulia udhaifu, kwa hiyo siku za kwanza kweli unaona mtu anayeumwa kiuno na miguu, hakuna zaidi.

Jambo hili siyo geni. Mwaka 1916, katikati ya Vita Kuu ya Kwanza, madaktari watatu wa jeshi la Ufaransa, Georges Guillain, Jean Alexandre Barré na André Strohl, waliandika kuhusu askari wawili waliolegea miguu na mikono, magoti yao yakawa hayaitiki yanapogongwa, na protini ikapanda kwenye maji ya uti wa mgongo bila chembe kuongezeka. Katika kichwa cha makala yao waliuita uvimbe wa mizizi na neva. Yaani neno "mizizi" lilikuwemo tangu siku ya kwanza. Imepita zaidi ya karne moja, na kipimo walichotegemea kitandani kilikuwa kugonga goti.

Picha siyo jibu

Kuna somo tunasoma Kitivo cha Elimu linaitwa Upimaji na Tathmini. Mhadhiri wetu anapenda kutukumbusha kwamba mtihani unaweza kuwa umesahihishwa vizuri, alama zikajumlishwa vizuri, na bado ukawa haujapima ulichotaka kupima. Ukimpa mtoto wa darasa la nne hesabu iliyoandikwa kwa Kiingereza kigumu, akafeli, umepima nini? Hesabu au Kiingereza?

Ile MRI ya mwenzangu haikudanganya. Diski ilikuwa imetokeza kweli. Swali ni kama hiyo diski ndiyo iliyomlegeza. Mwaka 1994 jarida la tiba la New England Journal of Medicine lilichapisha utafiti wa watu 98 wasio na maumivu yoyote ya mgongo, wote wakapigwa MRI ya kiuno. Asilimia 52 walikutwa na diski iliyotokeza walau sehemu moja. Waliokuwa na diski za kawaida kila mahali walikuwa asilimia 36 tu. Kwa hiyo kukuta diski imetokeza kwa mtu anayeumwa mgongo ni sawa na kukuta simu mfukoni mwa mwanafunzi aliyefeli. Huenda simu ndiyo iliyomfelisha, ila wenzake waliofaulu nao wanazo.

Jibu halisi linatoka kwa mgonjwa mwenyewe, ukimwuliza na kumgusa. Diski ya kiuno kwa kawaida inashika mguu mmoja, inachora mstari kutoka kwenye kalio hadi wayo, na ukikohoa inapiga kama shoti. Ikiharibu mwitiko wa nyundo, inaharibu mmoja, mara nyingi wa kifundo cha mguu upande uleule. Guillain-Barré inashika pande zote mbili, inaanzia chini kwenda juu, na miitiko inafifia au inapotea kila mahali. Mambo yanabadilika kwa saa na siku, siyo kwa miezi. Wengi wanafika kilele cha udhaifu ndani ya wiki mbili, na karibu wote ndani ya wiki nne. Halafu kuna mikono, uso, kumeza na kupumua. Hapa hata mimi wa ualimu naweza kuweka alama ya mkato mwekundu: diski ya kiuno haina njia yoyote ya kulegeza mkono wala kupindisha uso. Mkono ukilegea, jibu la diski limekosea, hata kama picha inasemaje.

Nikumbushe pia kwamba diski nayo ina dharura yake. Ikibana katikati mpaka mkojo ukazuilika au sehemu za kukalia zikafa ganzi, hiyo ni ya hospitali usiku huohuo. Kwa hiyo maswali haya yanamsaidia hata yule ambaye kweli ana diski.

Watakaonipinga

Rafiki zangu wa udaktari wameshanipinga, na hoja zao zina uzito.

Ya kwanza: ugonjwa huu ni adimu. Kweli. Duniani unakadiriwa kumpata mtu mmoja hadi wawili katika kila watu laki moja kwa mwaka. Lakini pigeni hesabu ya haraka. Chuo chenye watu elfu thelathini, ukihesabu wanafunzi na wafanyakazi, huenda kikapata mgonjwa mmoja kila miaka miwili au mitatu. Ina maana karibu kila kundi linaloingia mwaka wa kwanza litamshuhudia mmoja kabla halijavaa joho. Na kati ya wanaougua, asilimia 20 hadi 30 wanafikia kuhitaji mashine ya kupumulia. Ugonjwa adimu unaoweza kuzima pumzi ndani ya wiki haustahili kupuuzwa kwa uadimu wake.

Ya pili: daktari wa zahanati ana foleni ndefu kuliko ya mgahawa saa saba mchana, hawezi kuchunguza kila mgongo. Sijasema kila mgongo. Migongo mingi hupona yenyewe, na sitaki mtu asome makala hii akimbilie hospitali kwa sababu ameamka na kiuno kizito baada ya kupiga msuli usiku kucha. Nasema mgongo pamoja na ganzi au udhaifu. Hao kwa siku ni wangapi?

Ya tatu ndiyo inayouma zaidi: hata tukiugundua, tutautibu kwa nini? Dawa ya kinga inayotolewa kwa dripu hutengenezwa kutokana na plazma ya maelfu ya watu waliochangia damu. Kipimo chake ni gramu 0.4 kwa kila kilo ya mwili kwa siku tano. Mtu wa kilo 60 anahitaji gramu 24 kwa siku, jumla gramu 120, na bei yake inahesabiwa kwa mamilioni ya shilingi. Njia ya pili ni kubadilisha plazma kwa mashine, nayo haipatikani kila hospitali. Nakubali. Lakini hii ni sababu ya kuwahi, siyo ya kuchelewa. Dawa ile hufaa zaidi ikianza ndani ya wiki mbili za mwanzo wa udhaifu. Familia inayopaswa kuuza kiwanja inahitaji kila siku iliyopo. Na kumlinda mgonjwa asizimikiwe pumzi usingizini, kupima mapigo ya moyo na presha, hayo yanaanza na kujua tu kwamba yuko hatarini. Huko Dhaka, Bangladesh, watafiti wamejaribu njia ya kubadilisha plazma kidogokidogo kitandani bila ile mashine kubwa, wakachapisha matokeo yao mwaka 2018. Wenye shida kama zetu wanatafuta njia. Asiyejua jina la ugonjwa hatafuti chochote.

Na jina lina maana nyingine. Guillain-Barré ana ndugu wa polepole, ambaye anaendelea kudhoofisha neva kwa zaidi ya wiki nane. Huyo wa polepole mara nyingi hupata nafuu kwa steroidi. Guillain-Barré mwenyewe steroidi hazimsaidii. Ganda ni lilelile, adui ni kinga ileile, dawa tofauti. Ukisema tu "diski" wote wawili unawapoteza.

Ukishavuka miaka kumi na mitano

Kuna jambo moja linanishangaza. Katika mpango wa kutokomeza polio, mtoto wa chini ya miaka 15 akilegea viungo ghafla, mhudumu wa afya anatakiwa kutoa taarifa mara moja, na sampuli mbili za choo zichukuliwe ndani ya siku 14, zikipishana saa 24. Haijalishi yupo kijiji gani. Kazi hiyo ndiyo iliyosaidia Kanda ya Afrika ya Shirika la Afya Duniani kutangazwa kuwa huru na polio ya asili mnamo Agosti 2020. Na katika msako huo, Guillain-Barré ni miongoni mwa magonjwa yanayokutwa sana kwa watoto waliolegea bila kuwa na polio.

Maana yake nini? Maana yake tunaweza. Tumeweza kumfundisha mhudumu wa kijijini kwamba kulegea ghafla siyo jambo la kusubiri. Mtoto wa miaka kumi akilegea miguu, kengele inalia. Mwanafunzi wa miaka ishirini na mbili akilegea miguu, anaulizwa godoro.

Tunachodai

Serikali yetu ya wanafunzi ina waziri wa afya, na kila mmoja wetu amechangia ada ya jumuiya. Basi nina madai manne.

Moja, kila chumba cha daktari katika zahanati ya chuo kiwe na nyundo ya mpira, na ukutani ibandikwe karatasi moja yenye maswali: mguu mmoja au yote? Unapanda? Mikono, uso, kumeza, pumzi vikoje? Mkojo? Uliharisha au kuugua mafua mwezi huu?

Mbili, iwepo kanuni ya "rudi kesho". Vipimo vya wiki ya kwanza, hata vya maji ya uti wa mgongo na vya mwendo wa neva, vinaweza kuonekana vya kawaida. Anayeumwa mgongo na kuhisi ganzi asipewe tarehe ya wiki mbili mbele. Aangaliwe tena kesho, agongwe tena, ahesabu tena kwa pumzi moja.

Tatu, gari la wagonjwa litoke hata usiku na hata Jumapili, na rufaa isimamiwe na chuo. Bima tunakatwa mapema kabla hata hatujapata vitambulisho. Nayo ifanye kazi mapema hivyohivyo.

Nne, mwanafunzi anayedhoofika ghafla karibu na UE asilazimike kwanza kuthibitisha kwamba haigizi. Achunguzwe kama mgonjwa. Waigizaji wapo, sikatai, lakini goti haliwezi kuigiza ukimya mbele ya mtu anayejua kuligonga.

Na sisi wa mabwenini tuna sehemu yetu. Mwenzako akianza kujikokota ngazini, mwulize kama mikono yake ina nguvu. Mwambie ahesabu kwa pumzi moja leo, na kesho tena. Namba ikishuka, usiende kuleta maombi wala soga za korido. Leta gari kwanza, maombi mtafanya njiani.

Hoja hii nimeiwasilisha kwa maandishi ofisini kwa waziri, na nimeahidiwa itasomwa katika kikao kijacho cha bunge la wanafunzi. Vikao vile huwa havijai. Njooni mjaze viti, na mbunge wa kitivo chenu akisimama kuchangia, mwulizeni swali moja: nyundo imeshanunuliwa?